Shajara ya Kundi la Watunzi: Kutoka Daftarini hadi Studio

Januari

Mwaka huu kundi letu limekubaliana jambo moja: nyimbo tunazotunga ziimbwe na waimbaji wanaoishi kwa kuimba, na sisi tulipwe kama watunzi. Wengi wetu hatutafuti jukwaa. Yupo mwalimu anayeandika beti safi kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hapendi kuimba hata mbele yetu. Yupo mpiga gitaa, yupo mzee wa kinanda, yupo binti aliyelelewa kwaya, na wapo wengine wanaokuja kwa msimu. Mimi ni katibu, kwa hiyo daftari la mradi liko mikononi mwangu.

Hali ilivyo leo: simu zetu zimejaa vipande vya sauti, madaftari yamejaa mistari, na nyimbo zilizokamilika ni chache mno. Hapo ndipo tunapoanzia. Prodyuza hawezi kupokea wimbo usio na ubeti wa pili, hata kiitikio chake kiwe kitamu namna gani. Kuanzia sasa kila anayekuja kikaoni aje na wimbo uliokwisha, wenye mwanzo na mwisho.

Namna ya kuendesha vikao tumeiazima Motown, kampuni aliyoianzisha Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959. Pale kulikuwa na kikao cha kila Ijumaa ambapo rekodi mpya zilisikilizwa na kupigiwa kura, ipi itoke na ipi irudi ikafanyiwe kazi. Ninachokipenda katika utaratibu ule ni kwamba wimbo ulipimwa pia na masikio ya watu ambao hawakuutunga, tena kabla haujafika kwa mnunuzi. Sisi hatuna kampuni, ila masikio tunayo.

Februari

Vikao vimeshika njia. Anayeleta wimbo anaupiga bila utangulizi, kisha ananyamaza. Wengine tunaandika mambo matatu: wimbo unahusu nini, mstari gani umetubaki kichwani, na wapi mawazo yetu yalitoka nje ya wimbo. Tunasoma tulichoandika kwa sauti. Mtunzi anaruhusiwa kuuliza, haruhusiwi kujitetea, maana wimbo ukishafika redioni yeye hatakuwepo kumweleza msikilizaji alikusudia nini.

Swali la kwanza ndilo linalouma. Mara kadhaa sasa watu wanne wamesikiliza wimbo mmoja na kuandika mada nne tofauti. Hapo hakuna haja ya kubishana. Ubeti wa kwanza unarudi mezani.

Tatizo linalojirudia zaidi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Melodi ikipandisha noti yake ndefu kwenye silabi isiyostahili, msikilizaji anajikwaa bila kujua amejikwaa wapi. Mpiga gitaa alikuwa na mstari "nitakusubiri mlangoni", na melodi yake ilivuta ile "ni" ya mwisho kwa mdundo mzima, juu kabisa. Ulisikika kama umetafsiriwa. Binti wa kwaya akapendekeza noti ndefu iingie mapema kidogo, uzito ukae kwenye "go", halafu "ni" ishuke yenyewe. Maneno hayakubadilika hata moja, na wimbo ukasimama.

Jambo la pili ni vina. Lugha yetu inatoa vina kwa urahisi mno: vitenzi vingi huishia kwa "a", na ukiongeza "-ni" kwenye majina ya mahali unapata vina vya jioni nzima. Urahisi huo unawadanganya watunzi wengi. Mwalimu ameturudisha kwenye shairi la mizani 16, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, nane kwa nane. Kina cha kati ndicho kinachosahaulika katika nyimbo za siku hizi, na ndicho kinachoufanya mstari ukae kinywani mwa mtu asiyeujua wimbo. Tena mizani nane hukaa vizuri sana ndani ya mipigo minne. Tumeanza kuandika kiitikio kwanza kwa mizani kamili, kisha tunavunja pale hisia inapodai. Tofauti inasikika. Nyimbo zilizopitia mkono huu zinaimbwa na wenzetu njiani wakati wa kuondoka, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maoni yote tunayosomeana.

Machi

Mwezi huu umekuwa wa karatasi ya mgao, na nina sababu ya kuuandika kwa kirefu.

Tumeanza kutunga kwa pamoja, wawili wawili au watatu. Hapo lazima swali lije: wimbo ni wa nani, na kwa kiasi gani? Kundi limeamua kwamba hakuna anayetoka chumbani kabla karatasi haijajazwa. Inabeba jina la wimbo, tarehe, jina halali la kila mtunzi na jina lake la kisanii, asilimia ya kila mmoja, na saini. Jumla ni 100, si 99 wala 105. Nakala inapigwa picha papo hapo na kila mmoja anabaki nayo.

Ubishi ulikuja kwenye asilimia. Mpiga gitaa aliona kwamba aliyeleta wazo la kwanza achukue kubwa. Mzee wa kinanda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, leo umeleta wazo wewe. Wiki ijayo utakaa kimya saa nzima, halafu utasema neno moja litakaloponya wimbo wa mwenzako. Neno hilo tutalipima kwa mizani gani?"

"Lakini Mzee, asiyesema chochote naye?"

"Asiyesema chochote hatukumwita."

Nashville, mji wa muziki kule Marekani, ambako watunzi wa kulipwa hukaa chumba kimoja kila siku ya kazi, desturi iliyozoeleka ni hiyohiyo: waliomo chumbani wanagawana sawa. Faida yake si ya fedha peke yake. Mtu asiyehesabu maneno yake hutoa mstari mbaya bila hofu, na mstari mbaya mara nyingi ndio unaomzindua mwenzake. Tumekubali mgao sawa, isipokuwa pale ambapo mtu amekuja na wimbo uliokwisha na anaomba marekebisho tu. Hapo wanapatana kabla ya kuanza.

Tumetenganisha pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya hata baada ya miaka mingi studio. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno. Halafu kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku fulani na waimbaji na wapigaji fulani. Ni mali mbili, na mara nyingi zina wenyewe wawili tofauti. Wimbo mmoja unaweza kurekodiwa na waimbaji kumi. Rekodi zitakuwa kumi, utunzi utabaki mmoja. Filamu ikitaka kuutumia inahitaji ruhusa mbili, moja ya utunzi na moja ya rekodi. Mtunzi asiyeimba anaishi kwa hiyo mali ya kwanza, kwa hiyo kuilinda ndiyo kazi yake.

Niliwasimulia wenzangu kisa cha Ernest Bourget. Mwaka 1847, Paris, yeye na watunzi wenzake walikaa kwenye mkahawa wa Les Ambassadeurs huku kazi zao zikipigwa pale. Walipoletewa bili walikataa kulipa: kama mkahawa hautulipi kwa muziki wetu, nasi hatulipi kwa kinywaji chake. Mambo yakafika mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, jumuiya ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumika, ambayo ipo hadi leo. Mwalimu alicheka, kisha akauliza swali lililobadili ratiba yetu: sisi tumejiandikisha wapi?

Aprili

Tumejiandikisha.

Hakimiliki yenyewe haihitaji usajili ili izaliwe. Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, wa mwaka 1886 na marekebisho yake unasema ulinzi hautegemei utaratibu wowote wa kiserikali, na unadumu angalau maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Lakini kulindwa na kulipwa ni vitu viwili. Ili fedha zikufikie, chama cha kukusanya mirabaha lazima kijue wewe ni nani na nyimbo zako ni zipi. Vyama hivyo vimeunganishwa duniani na CISAC, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1926, na kwa mikataba baina yao wimbo ukipigwa ugenini fedha zina njia ya kurudi kwa mtunzi.

Mtunzi anapata namba ya IPI. Wimbo unapata namba ya ISWC, inayoanza na herufi T. Rekodi inapata ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Nimezibandika zote ukutani, kwa sababu wimbo wenye ISRC bila ISWC iliyounganishwa nayo unaweza kuchezwa mwaka mzima huku fungu la mtunzi likikaa mahali bila mwenyewe kutambulika. Majina pia: herufi moja ikipotea kwenye jina, mfumo unakuona watu wawili.

Mei

Demo, yaani rekodi ya mfano ya kumwonjesha prodyuza au mwimbaji wimbo. Tulikuwa na hamu ya kuingia studio kubwa tukarekodi kila kitu kwa ala zote. Binti wa kwaya ndiye aliyetutuliza. Alisema prodyuza akisikia biti iliyojaa, anasikia kazi ya mtu mwingine. Akisikia sauti na gitaa peke yake, anaanza kusikia kazi yake. Nimekaa na maneno hayo na nadhani yana ukweli mwingi, ingawa kwa nyimbo za kuchezeka mdundo lazima uwepo, walau ngoma na besi.

Kwa hiyo demo zetu ni sauti safi, ala moja au mbili, na maneno yanayosikika yote. Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbwa, tunauchagua kwa kumfikiria atakayeimba. Tunabaki na faili za WAV, zenye sauti isiyobanwa, kwa hifadhi, na za kutuma tunazibana. Ndani ya taarifa za faili tunaandika jina la wimbo, majina ya watunzi na namna ya kutupata. Faili iitwayo "demo mpya 3" ikifika kwa mtu mwenye shughuli haina mwenyewe tena.

Tulibishana sana kuhusu utangulizi. Kwenye Spotify msikilizo unahesabiwa baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 rekodi isiyofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haiingii kwenye mgao wa mirabaha ya rekodi pale. Wapo waliotaka kila wimbo uanze na kiitikio. Mimi sikukubali. Wimbo wa maombolezo ukianza na kiitikio umemnyima msikilizaji njia ya kuufikia. Tulichokubaliana ni kwamba sauti ya mwimbaji iingie mapema, na mstari wa kwanza uwe na mtu, mahali au tendo. Hilo limesafisha nyimbo zetu kuliko sheria yoyote ya sekunde.

Juni hadi Julai

Kutuma. Kazi hii haina utamu, nitaisema kwa ufupi.

Kila wimbo una karatasi yake: unamfaa nani, kwa nini, na nani anaweza kuufikisha kwake. Kabla ya kumwandikia mtu tunasikiliza kazi zake za karibuni, tunatazama majina ya watunzi yaliyoandikwa kwenye rekodi. Kama mwimbaji hutunga zote mwenyewe, hatumsumbui. Kama jina la prodyuza mmoja linajirudia, huyo ndiye tunayemwandikia. Ujumbe ni mistari michache na kiungo kimoja chenye nyimbo zisizozidi tatu. Hatubandiki faili nzito kwenye barua pepe.

Majibu ni machache. Kimya ndilo jibu la kawaida, na tumekubaliana kutokisoma kama hukumu. Tunafuatilia kwa heshima, kisha tunaendelea na mwingine.

Kilichotufungulia mlango ni waimbaji wachanga. Mwimbaji mwenye jina ana foleni ya watu. Anayeanza ana sauti na kiu, na nyimbo hana. Tumewaalika kuja kutunga nasi, siku nzima, watunzi wawili kwa mwimbaji mmoja, na mwisho wa siku demo inarekodiwa kwa sauti yake. Prodyuza wao wanasikia wimbo ukiwa tayari mdomoni mwa msanii wao. Katika siku hizo mwalimu amekuwa hazina. Anamuuliza msichana wa miaka ishirini maswali ya polepole kuhusu maisha yake, anaandika majibu kama yalivyo, na nusu ya wimbo inapatikana humo.

Nyimbo mbili zimechukuliwa.

Agosti

Mmoja wetu, kijana, ameletewa mkataba na mchapishaji wa muziki, yaani kampuni inayosimamia tungo za watunzi na kuzikusanyia mapato, na kundi zima tumeusoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kisha tukampelekea wakili anayejua mambo ya hakimiliki.

Mkataba ulitaka nyimbo zote atakazotunga kwa muda wa mkataba, umiliki wake uende kwa mchapishaji kwa maisha yote ya hakimiliki, mapato yagawanywe nusu kwa nusu, na atangulizwe malipo ya awali. Kijana alikuwa na furaha kubwa, na nilimwelewa kabisa. Hakuna aliyewahi kumpa fedha kwa ajili ya maneno yake. Hatukutaka kumwaga maji juu ya furaha ile. Tulitaka ajue anachosaini.

Malipo ya awali hayatolewi kama zawadi. Ni mirabaha yako ya kesho unayopewa leo, na mchapishaji hujirudishia kwanza kabla hujaona senti nyingine. Jambo hilo lenyewe si baya. Linakupa muda wa kutunga bila hofu. La kuuliza ni kama deni la wimbo mmoja litalipwa na mapato ya wimbo mwingine.

Kuhusu umiliki, njia ni zaidi ya moja. Kuna mkataba wa zamani ambapo mchapishaji anamiliki haki yote ya uchapishaji na mtunzi anabaki na nusu ya mapato. Kuna wa kumiliki pamoja, ambapo mtunzi huishia na asilimia 75 na mchapishaji 25. Na kuna wa usimamizi tu: mtunzi anabaki na mali yake, mchapishaji anasajili, anakusanya, na anachukua asilimia yake, mara nyingi kati ya 10 na 25, kwa muda uliowekwa. Ukichukua njia ya tatu, kwa kawaida malipo ya awali ni madogo au hayapo, na mchapishaji ana sababu ndogo ya kukuhangaikia. Kila njia ina bei yake.

Usiku ule niliwakumbusha habari za Solomon Linda, mtunzi na mwimbaji wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, na haki za wimbo zikamtoka kwa shilingi 10. Melodi yake ilizunguka dunia nzima kwa majina mengine, naye akafariki mwaka 1962 akiwa fukara. Familia yake ilifikia makubaliano mwaka 2006, baada ya kesi iliyosimama juu ya kipengele cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911: haki zilizouzwa hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kilichowafungulia njia ni kifungu cha kurudisha haki. Ndiyo maana nilisisitiza kifungu cha aina hiyo kiwemo kwenye mkataba wa kijana wetu, angali hai na anatunga.

Aliomba mambo manne: orodha ya nyimbo zinazohusika badala ya "zote"; wimbo usiporekodiwa na yeyote ndani ya muda uliotajwa umrudie; haki ya kukagua hesabu; na mchapishaji asibadilishe maneno wala kuuza wimbo kwa matangazo bila idhini yake. Wakili aliyaandika kwa lugha yake.

Septemba

Jibu limekuja. Wamekubali orodha, wamekubali ukaguzi wa hesabu, wamekubali wimbo urudi ingawa baada ya muda mrefu kuliko tulioomba. Idhini ya matangazo wamekubali kwa matangazo ya siasa na pombe tu. Kijana alikaa na karatasi zile siku kadhaa, akamshirikisha mama yake, kisha akasaini akijua kila mstari una maana gani. Naheshimu uamuzi wake. Mpiga gitaa, aliyepewa mkataba kama huo baadaye, ameukataa na kutafuta wa usimamizi tu. Naye namheshimu. Mmoja anahitaji mtu wa kumpeleka kwenye vyumba asivyovijua, mwingine tayari ana prodyuza wanaompigia simu.

Vikao vya kusikiliza havijasimama. Kuna wimbo wa mzee wa kinanda, wa kumsindikiza rafiki yake aliyefariki, ambao tumeusikiliza mara nyingi na bado hakuna aliyeona cha kubadilisha. Tumeuacha kama ulivyo. Haujapata mwimbaji, na sitaki uende kwa mwimbaji yeyote yule.

Oktoba

Moja ya nyimbo mbili zilizochukuliwa imerekodiwa. Nilipokea faili asubuhi na nikawapigia wote. Sauti ya mwimbaji imefika mahali ambapo demo yetu haikufika, hasa kwenye ubeti wa pili, anapopunguza sauti badala ya kuipandisha.

Likaja jambo la mgao. Menejimenti ya mwimbaji imeomba jina lake liwekwe kati ya watunzi. Hili ni la kawaida katika biashara hii na lina sura mbili. Wapo waimbaji wanaodai fungu la utunzi kwa kuwa tu wana jina, bila kuandika neno. Wapo walioandika kweli na wakaachwa nje. Hatukujibu kwa hasira wala kwa haraka. Tulichukua demo na rekodi, tukazisikiliza sambamba, maneno mkononi. Daraja, yaani kile kipande kinachotofautiana na beti na kiitikio, lote ni jipya: mistari minne ya kwake na melodi yake, na ni nzuri kuliko tuliyokuwa nayo. Binti wa kwaya, aliyetunga daraja la mwanzo, ndiye aliyesema wa kwanza kwamba mwimbaji anastahili.

Watunzi watatu wamekuwa wanne, 25 kwa kila mmoja. Karatasi mpya imesainiwa na wote, ya zamani imeambatishwa nyuma yake kwa kumbukumbu, na marekebisho yametumwa kwa chama cha mirabaha kabla rekodi haijatoka. Nimehakikisha na prodyuza kwamba ISRC ya rekodi itaunganishwa na ISWC ya utunzi, na majina yote manne yataonekana pale msikilizaji anapofungua taarifa za wimbo.

Yanayosubiri: wimbo wa pili uko kwa prodyuza, anataka ushushwe ufunguo, mwimbaji wa daraja ameomba kuja kutunga nasi tena, safari hii kuanzia ukurasa mtupu, na mwalimu ana beti tatu mpya zinazotafuta melodi. Kikao kijacho tunaanza na beti za mwalimu.